Uzi: Tumkumbuke ami yangu, msomaji wa redio ya Injili aliyeiweka nyumba yake mbele

Mleta mada

Wakuu, amani iwe kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu na nitauandika kwa vipande kadiri nitakavyopata nafasi, mniwie radhi nikikatika katikati.

Mwezi uliopita tumemzika ami yangu hapa Unguja, akiwa amevuka miaka 80. Jina lake sitaliandika kwa sababu wanawe hawapendi litajwe mitandaoni. Lakini aliyekuwa akiwasha redio ya masafa mafupi jioni, miaka ya 1960 na 1970, akitafuta vipindi vya Kikristo vya Kiswahili, huenda aliwahi kuisikia sauti yake. Alikuwa msomaji na mtayarishaji wa vipindi katika studio ya Sauti ya Injili kule Moshi, iliyokuwa ikirekodi kwa ajili ya kituo cha Addis Ababa.

Mazikoni wasemaji wote walizungumzia redio. Walisema vizuri na sina ugomvi nao. Ila mie nimelelewa na mtu yule tangu baba yangu mzazi afariki nikiwa mchanga, na hakuna aliyesimama kusema alikuwa mume wa namna gani na baba wa namna gani. Mtu aliyeisikia sauti tu hakumjua hata nusu. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika, na redio nitaieleza kwa sababu huwezi kumwelewa bila hiyo.

Mleta mada

Naendelea.

Ami alizaliwa Mbweni, kwenye kile kijiji ambacho wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliwaweka watumwa walioachiwa huru, kuanzia miaka ya 1870. Babu yake alishushwa mtoto kutoka kwenye jahazi lililokamatwa baharini, na hakupata kujua kwao ni wapi. Kwa hiyo familia haikuwa na kabila la kutaja wala kijiji cha bara cha kurudi. Walikuwa na Mbweni, walikuwa na kanisa la Mtakatifu Yohana, na walikuwa na Kiswahili. Naamini ndiyo sababu Ami alishikilia nyumba kwa mikono miwili. Babu yake alinyang'anywa baba na mama. Mjukuu wake aliona aibu kumwacha mtoto kwa hiari yake mwenyewe.

Alikuwa mwalimu wa skuli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 skuli zote zikawa za serikali, naye aliendelea kufundisha kwa muda, hadi padri mmoja alipomwambia kuwa Moshi wanatafuta wasomaji. Si ajabu wakamtaka mtu wa Unguja. Askofu Edward Steere, yule aliyejenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, alikwishatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1920, wakubwa wa Afrika Mashariki wakakubaliana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha ambayo vitabu vilikuwa vikijifunza kuiandika, Ami aliinyonya na maziwa.

Sasa sikilizeni alivyojibu. Aliandika barua kwamba atakuja, ila aje na mkewe, watoto wake watatu, mama yake mzazi na mtoto wa marehemu ndugu yake, yaani mie. Wakamjibu kuwa nafasi iliyopo ni ya mtu mmoja kwa kuanzia, familia itafuata. Akaandika tena kwa heshima: basi nitasubiri mpaka ipatikane nyumba. Akaendelea kufundisha. Barua hizo mbili zipo, alihifadhi nakala, nimezisoma kwa macho yangu. Nyumba ilipopatikana, tukapanda meli sote kwenda Dar, na kutoka huko tukaelekea Moshi.

Mpemba wa Weti

Pole sana ndugu yangu. Nimeshituka kusoma hapa, maana nyumbani kwetu Weti babu alikuwa na redio ya mbao, betri zikianza kuchoka tukizianika juani ili zisukume siku mbili tatu zaidi. Sisi ni Waislamu, lakini babu alikuwa akisikiliza kila kitu, Cairo, London, Addis Ababa, almuradi Kiswahili. Alikuwa akisema yule msomaji wa Addis anasoma kama mtu aliyekaa na wewe barazani. Sauti ilikuwa ikififia, inarudi, inafifia. Kwa nini ilikuwa hivyo? Wengine walidhani ni upepo wa baharini.

Mleta mada

Ahsante sana kaka. Mke wa Ami, ambaye mie nilimwita Mama, alikuwa wa huko huko Weti, na angefurahi kulisikia hili.

Kufifia kule hakukuwa upepo. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu, yakakutana na tabaka la anga liitwalo ayonosfia, na kurudishwa chini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Tabaka lenyewe halitulii. Mchana lina hali yake na usiku hali nyingine, na wimbi moja likifika kwako kwa njia mbili tofauti kwa pamoja, yanaongezana au yanauana. Ami alitueleza haya mezani kwa kutumia sahani ya bati na punje za mchele.

Kituo cha Addis Ababa kilikuwa cha Shirikisho la Walutheri Duniani. Kilifunguliwa mwaka 1963 kikiwa na mitambo ya kilowati 100, na kwa nguvu hizo kiliweza kufika sehemu kubwa ya Afrika na Asia. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi kwenye kanda za sumaku, zikasafirishwa hadi Ethiopia, ndipo zikarushwa. Kwa hiyo alichokisikia babu yako usiku ule, Ami alikwishakisoma siku nyingi nyuma, mchana, ndani ya chumba kilichozibwa kila upenyo.

Naomba niseme kidogo kuhusu chumba hicho kwa sababu nilipenda sana kupelekwa huko. Karatasi zilipangwa moja moja mezani bila kubanwa pini, kwa kuwa kipaza sauti husikia karatasi ikifunuliwa. Kikombe cha maji ya vuguvugu pembeni. Saa ya mkononi alikuwa akiivua na kumpa mtu wa mitambo, ili mlio wake usiingie. Akikosea neno hakurudia kipindi kizima: alinyamaza, akavuta pumzi, akaanza sentensi upya, halafu fundi akaikata kanda kwa wembe kwa mshazari na kuiunga kwa utepe wa gundi. Mshazari ule ndio unaofanya sikio lisigundue pale palipokatwa. Vipande vilivyokatwa Ami alikuwa akiviokota na kutuletea nyumbani. Tukivifunga mkiani mwa tiara, yale ya kuruka. Nadhani katika Moshi nzima hakukuwa na tiara zenye mikia mirefu kushinda zetu.

Binti Mkunazini

Apumzike kwa amani. Nimemkumbuka sana kanisani kwetu, alikuwa akisoma somo la kwanza, na hata watoto wadogo walikuwa wakitulia. Swali langu: ni kweli kwamba alikuwa akijibu barua za wasikilizaji pamoja na mkewe? Bibi yangu alipata kunisimulia hivyo.

Mleta mada

Ni kweli kabisa dada yangu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Barua zilikuja kwa mifuko. Wengine walitaka Biblia, wengine waliomba wimbo, wengine walituma salamu. Lakini zilikuwepo nyingine nzito. Mwanamke amefukuzwa kwa kutozaa. Kijana ameacha pombe na ndugu wanamcheka. Mzee amezika watoto wawili kwa surua na anauliza kama Mungu anamwadhibu. Studio ilikuwa na utaratibu wake wa kujibu, kila barua ipate jibu. Ami alipewa fungu lake.

Barua iliyoandikwa na mwanamke hakuijibu peke yake. Alikuja nayo nyumbani, jina akalifunika kwa kidole, akamsomea Mama jikoni huku Mama akikuna nazi au akichambua mchele. Kisha akauliza: ungekuwa wewe ungetaka kuambiwa nini? Na alichosema Mama ndicho kilichoandikwa. Mara nyingine Mama alimkatalia moja kwa moja: "Usimwambie avumilie. Mwambie aende kwa kaka yake akaseme." Naye aliandika hivyo hivyo. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba ninaona jambo la nadra. Leo nikisikia watumishi wakitoa ushauri wa ndoa redioni najiuliza kama kuna mwanamke aliyeusoma kabla haujatoka.

Kwa barua za Waislamu waliouliza juu ya Nabii Isa, alijibu anachokiamini waziwazi, bila kejeli hata chembe. Kanuni yake aliwaambia vijana wote waliojifunza kwake: usiseme kwenye kipaza sauti neno ambalo huwezi kulisema barazani jirani yako akiwa amekaa hapo. Kwa mtu aliyelelewa Unguja, ambako Wakristo ni wachache na jirani yako Mwislamu ndiye atakayekuja kwanza ukiugua, hiyo ilikuwa njia ya kuishi tangu utoto.

Na jioni zilikuwa zetu. Saa kumi na mbili akiwa amefika, akavua viatu, akamwamkia mama yake, kisha anatukagua madaftari. Kulikuwa na wakati studio ilikuwa na kazi nyingi wakaomba watu wabaki usiku. Alikubali kwenda alfajiri, saa kumi usiku akitembea gizani kwenye baridi ya Kilimanjaro, ili jioni isiguswe.

Mtu wa Moshi

Poleni sana familia. Mimi ni wa kizazi cha baadaye lakini wazee wa hapa wanamtaja. Wanasema 1977 ndipo aliporudi Zanzibar. Ni kwa sababu ya kufungwa kwa Addis?

Mleta mada

Kwa sehemu. Mwezi Machi 1977 serikali ya Derg, yaani wanajeshi waliokuwa wakitawala Ethiopia, iliitwaa redio ile, ikawa ya mapinduzi yao, na matangazo ya Injili yakakoma papo hapo. Nakumbuka watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini. Studio ya Moshi yenyewe haikufa, na Ami angeweza kubaki. Lakini mama yake mzazi alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, kila jioni anauliza lini tunarudi Mbweni. Akamrudisha. Bibi alifia Mbweni, na amezikwa kwenye uwanja wa kanisa.

Baada ya hapo alifundisha tena, na redio akaifuata kama msikilizaji. Shirika la redio ya Kikristo la FEBA lilikuwa na mtambo Shelisheli tangu 1970, na lilikuwa na matangazo ya Kiswahili. Ami alikuwa akisikiliza na kalamu mkononi, anaandika saa, ubora wa sauti, na hata makosa ya lugha, kisha anatuma taarifa yake kwa posta. Mtambo ule ulizimwa mwaka 2003. Siku hiyo aliniambia masafa mafupi yalikuwa na kitu ambacho redio za leo hazina: hakuna askari wa mpakani anayeweza kuyasimamisha.

Kijana wa Darajani

Samahani mleta mada, sitaki kukukwaza kwenye msiba. Lakini nimesikia kwamba redio mpya za Kikristo zilipoanza Dar walimwita na alikataa. Yesu mwenyewe amesema ampendaye baba au mama, mwana au binti kuliko yeye hamstahili. Watu kama yeye walikuwa wachache. Hivi hakuona kwamba ameiacha kazi ya Mungu kwa ajili ya nyumba?

Mleta mada

Hujanikwaza mdogo wangu. Swali hili aliulizwa hata na mapadri, na ndilo kiini cha uzi wangu.

Mwaka 1993 sheria iliruhusu redio na televisheni za watu binafsi Tanzania. Katikati ya miaka ya 1990 Dar kukawa na redio za makanisa, na walihitaji watu wenye uzoefu. Ni kweli walimwita, tena kwa mshahara ambao hakuwahi kuupata maishani. Muda huo huo Mama alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakawa hayatoki isipokuwa machache.

Ami hakwenda. Alijifunza kumwogesha, kumgeuza kila baada ya saa chache ili asipate vidonda, kumlisha uji kijiko kwa kijiko bila kumharakisha, maana akiharakishwa anapaliwa. Wanawe walitaka kuajiri msichana wa kazi. Aliajiriwa wa kufua na kupika, lakini kumgusa Mama ilikuwa kazi yake na binti zake. Alimnyosha mkono na mguu asubuhi na jioni. Na alimsomea. Yaani ile sauti iliyokuwa ikienda Afrika nzima, miaka ile ya mwisho ilikuwa na msikilizaji mmoja kitandani, na aliyapanga masomo, aliyafanyia mazoezi, alivaa shati safi kabla ya kuanza. Nilimuuliza siku moja kwa nini ajichoshe namna ile. Akanijibu, "Kwani huyu ni mtu mdogo?"

Kuhusu lile andiko ulilolitaja, alilijua. Lakini alilisoma pamoja na Paulo anapomwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Alisema Yesu aliwagombeza Mafarisayo waliokuwa wakiitoa mali kuwa wakfu ili wasiwasaidie wazazi wao. Nakubaliana naye kabisa. Nimewaona watoto wa watumishi wakubwa ambao hawataki hata kusikia jina la kanisa, kwa kuwa kila siku baba alikuwa akiwaokoa watoto wa wengine. Nyumbani kwa Ami sote bado tunasali. Sidhani kama hilo limetokea lenyewe.

Tena redio hakuiacha. Aliandika masomo mafupi na kuyarekodi kwenye kaseti usiku Mama akishalala. Alijifunika blanketi zito yeye na kinasa sauti kuzuia mwangwi, na alisubiri watu watoke sala ya Isha, njia zitulie, amalize kabla ya adhana ya Alfajiri. Kaseti alimpa mtu anayesafiri na boti ya asubuhi kwenda Dar. Baadhi zilirushwa. Mara moja moja tulizisikia hapa hapa, kwa sababu FM ya Dar huvuka bahari, hasa ukiwa ghorofani upande wa pwani. Mama alikuwa akiisikia sauti redioni, anamtazama mumewe aliyekaa pembeni yake, anacheka kwa upande mmoja wa uso.

Kijana wa Darajani

Nimekuelewa. Ahsante kwa kunijibu vizuri. Mungu ampokee.

Jirani wa Kikwajuni

Mie ni jirani yao tangu walipohamia Kikwajuni. Naomba niongeze moja tu. Baba yangu alipofariki, sisi wakubwa tulikuwa nje ya kisiwa. Mzee huyu ndiye aliyekwenda Raha Leo kupeleka tanzia isomwe redioni, ndiye aliyewaita watu wa msikitini, na alisimama nje muda wote wa kuosha akiwapokea wageni. Mama anasema alihakikisha jina la baba limeandikwa sawasawa, na ukoo wote, na saa ya maziko, akamrudishia mtangazaji karatasi mara mbili. Kila Ramadhani sahani ya futari yake ilikuwa ikitangulia, na kila Krismasi sisi watoto tulikuwa tukihesabu siku kushinda hata watoto wake. Nilibeba jeneza lake hadi Mbweni na nashukuru kwa hilo.

Mleta mada

Jirani yangu, sikulijua hilo la Raha Leo. Hakupata kulisema. Nitawasomea wanawe maneno yako kama yalivyo.

Sasa naomba msaada wenu. Chumbani kwake tumekuta masanduku mawili: moja la kaseti, jengine lina kanda za duara za zamani, nadhani nakala alizopewa Moshi. Nyingine zimeota ukungu. Nani anajua namna ya kuziokoa?

Mtu wa Moshi

Tafadhali msizicheze kwanza! Kanda iliyokaa kwenye unyevu wa bahari miaka hiyo yote inaweza kunata kwenye kichwa cha mashine na ule unga wa sumaku ukabanduka, hapo mmepoteza sauti moja kwa moja. Zitoeni kwenye masanduku ya karatasi yaliyolowa, zisimamisheni wima, chumba kikavu chenye hewa, mbali na jua na mbali na spika kwa sababu spika ina sumaku. Ukungu usifutwe kwa maji, na usiuvute puani. Kaseti ni rahisi zaidi: kama ganda limepasuka, utepe unahamishiwa ganda jingine. Halafu piga picha maandishi ya kila sanduku na kila duara, mbele na nyuma. Tukijua mwaka na kasi ya kanda tutajua mashine ipi inafaa. Hapa kwetu kuna fundi mstaafu ambaye bado ana moja inayofanya kazi.

Mpemba wa Weti

Na ikipatikana sauti, tuwekeeni hapa. Babu hayupo, lakini mama yangu yupo, ataitambua.

Mleta mada

Nimezitoa zote leo jioni, ziko juu ya kabati kwenye chumba cha Mama, ndicho kikavu zaidi. Lebo nyingi ziko kwa penseli na mwandiko wa Ami: tarehe, dakika, na pembeni jina la mmoja wetu. Binti yake mkubwa anasema ni mtoto aliyekwenda naye studio siku hiyo. Picha nitaziweka kesho mchana, nikianza na zile za 1968.